Aje Mvua Ikinyesha

Sisi wachuna majani chai wa Kericho tumechoka kuambiwa kwamba nyumba tunazokaa ni fadhila ya kampuni. Kifungu cha 31 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, kazini au karibu na kazini, kwa gharama yake mwajiri. La sivyo amwongezee juu ya mshahara pesa za kutosha kodi ya nyumba. Hiyo ni haki yetu, kama zilivyo kilo tunazopimiwa kwenye mizani.

Sasa njoo uione hiyo nyumba ya kufaa. Chumba kimoja, baba, mama na watoto wanne. Katikati tumetundika leso: huku kitanda, kule watoto wamelala chini. Tunapikia humo humo, na kuni zikiwa mbichi watoto wanasoma huku wakifuta machozi ya moshi. Mabati yalitobolewa na mvua ya mawe, na mvua ya huku kwetu haikawii kurudi alasiri. Mwenye sufuria mbili, moja ni ya ugali na nyingine ya kukinga matone. Laini nzima, milango kumi na miwili, tuna mfereji mmoja. Usipoamka saa kumi alfajiri utaingia shambani bila kunawa uso.

Linalotuumiza ni neno hilo, "ya kufaa". Kifungu hakitaji upana wa chumba wala idadi ya watu wa kulala humo, basi mwajiri hujipimia mwenyewe. Afisa wa kazi anaruhusiwa kukagua, lakini habari za kuja kwake humtangulia. Mara ya mwisho tulipewa chokaa tupake kuta za mbele tu, zile zinazotazama barabara. Nyuma, vyoo vilikuwa vimejaa hadi mlangoni. Aliandika akiwa amesimama kando ya gari, nyapara yuko ubavuni mwake, akaondoka.

Tunaulizwa mbona hatusemi. Tuseme vipi, na mwenye kazi ndiye mwenye paa? Ukikorofishana na nyapara asubuhi, jioni unawaza watoto watalala wapi. Mwenzetu mmoja aliachishwa kazi akapewa siku saba ahame, mtoto wake amebakisha wiki mbili afanye mtihani. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya makazi ya kutosha. Haikusema mwenye namba ya kazi peke yake.

Tunataka vipimo viandikwe: chumba kiwe na ukubwa gani, mfereji mmoja uhudumie milango mingapi, jiko liwe nje. Anayeachishwa kazi aachiwe nyumba hadi watoto wamalize muhula. Na afisa asitoe taarifa. Azunguke nyuma ya laini, azungumze nasi nyapara akiwa mbali, na aje alasiri, mvua ikinyesha.