Stara Yetu Isiwe Mtaji wa Wauza Vidonge



Wiki iliyopita bi harusi mtarajiwa alikuja dukani kwetu hapa Mwanza kujaribu gauni la nikaha. Mkobani alikuwa na chupa tatu za vidonge vya vitamini D, kila moja shilingi elfu arobaini. Aliyemuuzia alimwambia kwamba kwa vile anavaa nikabu jua halimpati, basi atachelewa kushika mimba, kinga ya mwili itashuka, na kifua kikuu kitamwandama. Pesa ya kumalizia gauni ilikuwa imeishia huko. Sisi washonaji tumeudhika, na si kwa ajili ya gauni tu.

Tusiwe wabishi wa bure. Ngozi hutengeneza vitamini D ikipigwa na jua, na ikifunikwa haitengenezi. Dada anayejifunika mwili mzima na kushinda ndani kutwa anaweza kweli kupungukiwa. Mtoto akipungukiwa sana hupata matege, na mtu mzima mifupa hulainika na kuuma. Hapo vitamini D ni tiba, na anayeumwa aende hospitali akapimwe.

Lakini haya mengine yametoka wapi? Hapa hapa Mwanza watafiti walilinganisha wagonjwa wa kifua kikuu na watu wasiokuwa nacho, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Wagonjwa ndio waliokutwa na vitamini D nyingi zaidi! Hiyo haina maana kwamba vitamini inaleta ugonjwa, ila inaonyesha kuwa mambo si mepesi kama anavyoyasema muuzaji. Kisha Dar es Salaam wakachukua watu 4,000 waliokuwa wanaanza dawa za VVU, wote wakiwa na vitamini D ya chini. Nusu walipewa vidonge vyenyewe, nusu vidonge visivyo na kitu, kwa mwaka mzima. Matokeo yalitoka 2020: vifo havikupungua, wala kifua kikuu hakikupungua. Huko Marekani walifuatilia watu zaidi ya 25,000 kwa miaka kama mitano, na vidonge havikuzuia saratani wala kiharusi wala mshtuko wa moyo.

Na mjamzito je? Shirika la Afya Duniani halishauri kila mjamzito apewe vitamini D. Anaweza kupewa yule anayeshukiwa kupungukiwa. Vidonge vya madini ya chuma na foliki vya kliniki ni habari nyingine kabisa, hivyo msiviache.

Kinachotuuma zaidi ni stara kugeuzwa ugonjwa. Wamasai na Wahadzabe wa nchi hii walipopimwa, matokeo yakatolewa 2012, wastani wao ulikuwa nanomoli 115 kwa lita, wakati wengi huhesabu upungufu kuanzia chini ya 50. Hawakunywa kidonge, na ngozi yao ni nyeusi kama yetu. Waliishi nje tu. Sisi nasi tuna ua. Wanaume ajinabi wakiwa hawapo, unaanika nguo mikono wazi, miguu wazi, nani anakukataza? Samaki wenye mafuta na mayai navyo vina vitamini hii, na mtu wa ziwani kukosa samaki ni ajabu. (Nyinyi wa Unguja na Pemba ndio msiseme kitu.)

Tena vikizidi vinadhuru. Kalsiamu hupanda kwenye damu, figo zikaumia. Mtu mzima asipite yuniti 4,000 kwa siku bila daktari. Tukaisoma ile chupa pamoja na bi harusi: kidonge kimoja yuniti 10,000, naye ameambiwa ameze viwili kila asubuhi.

Jumamosi alirudi. Muuzaji amekubali kurejesha pesa ya chupa mbili ambazo hazijafunguliwa. Gauni tunalimalizia wiki hii, inshaallah.