Binti, Mkopo na Hofu ya Riba



Ndugu wasomaji, juma lililopita, baada ya Swala ya Isha, mzee mmoja wa hapa Isaka alinivuta kando. Binti yake amechaguliwa kujiunga na Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro, chuo kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2005 katika majengo yaliyokuwa ya TANESCO. Furaha ilikuwa ya siku moja. Kibarua cha kupakua mizigo katika bandari kavu hakitoshi kulipa ada, na mkopo wa Serikali ameukataa. Nyumbani, posa imekwishaanza kusikilizwa.

"Ustadhi," aliniuliza, "nimsomeshe mwanangu kwa riba?"

Hofu hiyo ni ya mcha Mungu, wala haifai kubezwa. Kwa miaka kadhaa, deni la Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu liliongezwa asilimia 6 kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Waumini wenye tahadhari waliona humo sura ya riba. Lakini Mei Mosi ya mwaka 2021, hapo Mwanza kwa jirani zetu, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Mzee wangu hakuwa na habari.

Simaanishi kwamba shaka zote zimekwisha, na mimi si mufti. Mkataba usomwe neno kwa neno, kila tozo iliyobaki iulizwe kwa wenye elimu, na binti ajue kuwa akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Deni ni amana. Cheti cha kuzaliwa nacho kihakikiwe RITA mapema, kwani wengi hukwama hapo.

Nasi majirani tujiulize: iwapo mzazi ataukataa mkopo kwa ajili ya dini yake, je, jamaa na msikiti tumemwandalia njia gani nyingine? Kuharamisha bila kuchangia ni kumwachia mzigo peke yake. Na posa ikija, binti aulizwe. Ndoa na masomo si mahasimu.

Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Maombi yanafungwa lini?"

Wabillahi tawfiq.