Starlet ya autokrosi ianzie chini, si kwenye injini

Makala ninayoijibu, kuhusu kuandaa gari la mbio za autokrosi, imeanzia kwenye injini, nami naona hapo ndipo pesa za mwenye mfuko mdogo zinapopotelea. Tuchukue Toyota Starlet EP82 yenye injini ya 4E-FE, cc 1,331: haifiki kilo 900, na kwenye mzunguko mfupi wa vumbi hushinda kwenye gia ya pili. Inavuta kwa magurudumu ya mbele, kwa hiyo matairi hayo mawili ndiyo yanayokata kona, yanayolivuta gari na kubeba sehemu kubwa ya breki. Ukiongeza nguvu huku bushi zimelegea na shokapu zinavuja mafuta, tairi la upande wa ndani wa kona litazunguka bure, vumbi litatimka na saa itaendelea kuhesabu. Bushi, shokapu, pedi na matairi yenye meno vitangulie.

Wapo watakaosema njia ikinyooka injini ndogo huachwa. Ni kweli, lakini hunyooka kwa sekunde chache tu, na anayetoka konani na kasi ndiye anayezifaidi. Ila kubana matumizi kuna mpaka: kizimba cha mabomba ya chuma cha kumlinda dereva kichomelewe na fundi anayeijua kazi hiyo hasa, hata kama matairi mapya yatasubiri msimu ujao. Uzito nao hupunguzwa bure: kung'oa viti vya nyuma na zulia hakugharimu kitu.