Hasira za kijana aliye kwenye methadoni hupimwaje?

Mama au mlezi, kijana wako ameacha heroini na anakunywa methadoni, lakini bado anafoka na kubamiza milango. Jirani anasema dawa imemharibu. Kabla hujakubali, jiulize: hasira hizo zimepimwa?

Tanzania ilianza kutoa methadoni mwaka 2011 katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kisha mikoa mingine ikafuata. Nyanda za juu kusini huduma ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 300 kutoka Sumbawanga. Kwa kawaida dawa hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, hivyo anayetibiwa huko mara nyingi inabidi aishi karibu. Mara nyingi anayeziona hasira zake ni shangazi au mama mdogo anayemhifadhi, siyo muuguzi.

Kipimo chenyewe

Hakuna kipimo cha damu cha ukali. Kuna dodoso la Buss na Perry la mwaka 1992, lenye kauli 29 kuhusu kupigana, maneno makali, hasira na kinyongo. Kila kauli hupewa alama 1 hadi 5. Kasoro yake ni kwamba mgonjwa hujijibia mwenyewe, na anayeogopa kufukuzwa atajipamba. Ndiyo maana vipo vipimo vinavyomtegemea anayeona: ametukana, amevunja kitu, amejiumiza au amempiga mtu?

Wewe andika nini?

Andika siku, saa, alichofanya, kilichotangulia na saa aliyokunywa dawa. "Ni mkorofi" haimsaidii daktari. "Jumanne alfajiri, kabla ya dawa, alivunja kikombe huku akitoka jasho na kupiga miayo" inasaidia, maana huenda ni arosto na dozi haitoshi. Ikiwa ni baada ya gongo, tatizo ni jingine, tena la hatari: pombe pamoja na methadoni vinaweza kusimamisha pumzi.

Usimnyime dawa kama adhabu

Alama kubwa ni sababu ya kumsaidia zaidi. Akikosa dawa siku kadhaa, asirudie dozi ya zamani bila kupimwa upya. Mwili wake huenda hauihimili tena, na inaweza kumuua.

Akishika panga au kisu, usibaki kuandika. Ondoka na watoto, ita msaada. Daftari litasubiri.