MPIRA NI KAZI

Wako watu wangali wanadhani kwamba mpira wa miguu ni burudani ya jioni, na kwamba mchezaji akilipwa amefanyiwa hisani. Sisi hatukubaliani na fikira hiyo. Mpira wa leo ni kazi, na mchezaji ni mfanyakazi.

Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikafungwa 2–0 na Stella ya Abidjan hapa hapa Dar es Salaam. Ulikuwa ushujaa mkubwa, lakini ulipita kama umeme wa masika. Simba ilingoja miaka 32, hata mwaka 2025, ndipo ilipoiona fainali nyingine ya Afrika. Zamani hizo wachezaji wengi waliishi kwa ajira za mashirika. Reli ya Morogoro na Pamba ya Mwanza zilikuwa timu za namna hiyo. Mashirika yalipodhoofika, timu zikapoteza mlezi.

Sasa mambo yamegeuka. Baina ya 2019 na 2024 Simba ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa mara nne. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaishinda USM Alger 1–0 kwao Algiers, ikakosa kombe kwa mabao ya ugenini tu. Hayo hayakuletwa na bahati. Yameletwa na mishahara, mazoezi ya kila siku, na fedha za matangazo. Maana mkataba wa televisheni wa 2021 ni wa miaka 10, na thamani yake yapita shilingi bilioni 225.

Hata hivyo, nyumba haianzi kwa paa. Mbwana Samatta, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza, mwaka 2020, alikulia Mbagala. Je, mtoto wa Mbagala, Tandika au Mwananyamala atajifunzia wapi leo, ikiwa kila kiwanja cha mchangani chatamaniwa kwa nyumba na maduka? Viwanja vya Chamazi na Mwenge ni fahari yetu, lakini mtoto asiye na timu haruki ukuta wake. Ngazi ya chini ikikatika, fedha hizo zote zitanunua vijana waliolelewa na nchi nyingine, na wetu watabaki kushangilia.

Tena wako vijana wa madaraja ya chini wachezao bila mkataba. Akivunjika mguu, kijana huyo hutibiwa kwa mchango wa majirani. Mfanyakazi gani wa bandarini au kiwandani angelikubali hali hiyo?

Basi twasema hivi: halmashauri za Temeke na Kinondoni zivilinde viwanja vya mitaa kwa hati; kila mchezaji apewe mkataba wa maandishi na bima; nasi wapenzi tulipe ada za klabu zetu badala ya kungoja matajiri. Mti hauendi ila kwa nyenzo.