Kiti cha Iowa na Vita vya Angola

Wapo watu miongoni mwetu, hata wasomi, wanaodhani kwamba uchaguzi wa seneta katika jimbo moja la Marekani ni habari ya kujazia ukurasa wa mambo ya nje tu, na kwamba mtumishi wa Serikali aliyeko Dodoma au mwalimu aliyeko Songea hana sababu ya kujishughulisha nayo. Mawazo hayo si sahihi. Uchaguzi uliofanyika katika jimbo la Iowa tarehe 7 Novemba, 1978, unastahili kufahamiwa na kila anayejali historia ya ukombozi wa bara hili. Ndani yake limo swali ambalo halijazeeka: kiongozi anayetetea haki za watu wa mbali ana wajibu gani kwa watu waliomchagua?

Iowa ni jimbo la wakulima, katikati ya Marekani. Hulima mahindi na soya, na hufuga nguruwe kwa wingi. Katika miaka ya 1970 lilikuwa na watu wasiofikia milioni 3, na watu weusi miongoni mwao hawakufika wawili katika kila mia. Lakini Katiba ya Marekani inalipa kila jimbo, liwe kubwa au dogo, maseneta wawili wa kukaa miaka 6. Kwa hiyo mkulima wa Iowa ana sauti katika Baraza la Seneti sawa na ile ya matajiri wa New York.

Mwaka 1972 wananchi wa jimbo hilo walimchagua Ndugu Dick Clark wa chama cha Democratic, mtu aliyewahi kufundisha historia na siasa chuoni. Alimshinda Jack Miller wa chama cha Republican, aliyekuwa akishikilia kiti hicho. Clark hakuwa na jina kubwa. Silaha yake ilikuwa miguu yake: alitembea kiasi cha maili 1,300 ndani ya jimbo, akipita mji kwa mji na shamba kwa shamba, akisikiliza na kueleza. Watu waliomwona akiwa na vumbi la njiani walimpa kura.

Huko Washington alikuja kupewa uenyekiti wa kamati ndogo ya Seneti inayoshughulikia mambo ya Afrika. Wakati huo kazi hiyo haikuonekana kuwa na maana kubwa. Lakini mwaka 1975 Wareno walikuwa wakifungasha kuondoka Angola, na vyama vitatu, M.P.L.A., F.N.L.A. na UNITA, viligombea madaraka. Serikali ya Rais Gerald Ford, kwa kutumia shirika la ujasusi la C.I.A., ilikuwa ikipeleka kwa siri fedha na silaha kwa F.N.L.A. na UNITA. Clark alisafiri hadi Angola mwaka huo akaonana na viongozi wa pande zote. Kisha majeshi ya makaburu yakavamia kutoka kusini, na Cuba ikapeleka askari wake kuisaidia M.P.L.A., iliyotangaza uhuru mjini Luanda tarehe 11 Novemba, 1975.

Wasomaji wenye umri watakumbuka jinsi suala hilo lilivyoigawa Afrika yenyewe. Katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliofanyika Addis Ababa mwezi Januari, 1976, nchi 22 zilitaka Serikali ya M.P.L.A. itambuliwe, na nyingine 22 zikakataa. Tanzania ilikuwa miongoni mwa zile zilizoitambua. Basi, wakati sisi Waafrika tumegawanyika nusu kwa nusu, Baraza la Seneti la Marekani lilikuwa limekwisha piga kura, mwezi Desemba 1975, kuzuia fedha za vita hivyo vya siri. Mwaka 1976 kifungu kilichobeba jina la Clark kikaingizwa katika sheria, kikipiga marufuku msaada wa kijeshi kwa kikundi chochote kinachopigana Angola.

Huyo ndiye mtu aliyerudi kwa wapiga kura wake mwaka 1978 kuomba miaka mingine 6. Mpinzani wake alikuwa Roger Jepsen wa chama cha Republican, aliyewahi kuwa naibu gavana wa jimbo hilo. Kura za maoni zilimwonyesha Clark akiongoza. Lakini zilipohesabiwa kura zenyewe, Jepsen alikuwa na asilimia 51 na Clark asilimia 48. Tofauti yao ilikuwa kiasi cha kura 26,000, pungufu ya watu wanaojaza uwanja mmoja mkubwa wa mpira.

Mwaka uliofuata ndipo habari nyingine ilipojitokeza. Katika kashfa iliyoitikisa Wizara ya Habari ya Afrika Kusini, kashfa iliyomlazimisha John Vorster kujiuzulu urais mwezi Juni 1979, aliyekuwa katibu wa wizara hiyo, Eschel Rhoodie, alidai kwamba Serikali yake ilitumia dola 250,000 kwa siri ili Clark aanguke. Jepsen alikana kujua lolote juu ya fedha hizo. Tukumbuke kwamba sheria ya Marekani ilikuwa imekwisha kataza wageni kuchangia uchaguzi wa nchi hiyo.

Hapo ndipo penye kishawishi kwa mwandishi wa gazeti kama hili. Ni rahisi kabisa kuandika kwamba makaburu walikinunua kiti cha Iowa, kisha tukaweka kalamu chini. Kwamba makaburu walikuwa na sababu ya kumchukia Clark, hilo halina ubishi. Kwamba walikuwa tayari kuhonga, kashfa yao wenyewe ilithibitisha. Lakini nia ya kununua si ushahidi kwamba kitu kilinunuliwa, na msomaji makini hana budi kuzitazama sababu nyingine zilizokuwapo mchana kweupe.

Sababu ya kwanza ilikuwa suala la kutoa mimba. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeruhusu jambo hilo mwaka 1973, na wapinzani wake walikuwa wamejipanga vizuri Iowa. Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi waligawa vikaratasi kwa waumini makanisani, wakiwataka wamkatae Clark. Sababu ya pili ilikuwa Mfereji wa Panama. Clark aliunga mkono mikataba ya kuurudisha mfereji huo kwa wenyewe, na wengi waliona kwamba nchi yao inatoa mali yake bure. Sababu ya tatu inatuhusu sisi moja kwa moja: wapinzani wake walimwita Seneta wa Afrika. Maana ya kejeli hiyo ilikuwa kwamba mtu huyu ametumwa na Iowa, lakini anafanya kazi ya wengine.

Kejeli hiyo ilikuwa ya uongo. Mwaka 1975 ndio mwaka Marekani ilipomaliza kushindwa Vietnam, na vijana wa Iowa walikuwa wamezikwa kwa sababu ya vita vilivyoanza kwa washauri wachache na fedha za siri. Kifungu cha Clark kiliwakinga wadogo zao wasipelekwe kufia Angola. Haki ya mkulima wa Malanje na usalama wa mtoto wa mkulima wa Iowa vilikuwa ndani ya sheria ile ile moja. Lakini jambo la kweli lisiloeleweka kwa mpiga kura halina nguvu mbele ya kejeli ya maneno matatu. Kiti kilichopatikana kwa kutembea maili 1,300 kilipotea katika jimbo ambamo jambo la Angola lilionekana kuwa la Washington tu.

Matokeo yake hayakuja siku moja. Kifungu cha Clark kilidumu miaka 7 baada ya mwenyewe kushindwa, na Jepsen naye aliangushwa mwaka 1984 na Tom Harkin. Hata hivyo mwaka 1985, chini ya Rais Ronald Reagan, kifungu hicho kilifutwa. Mwezi Januari 1986 Jonas Savimbi alipokewa Ikulu ya Marekani, na mwaka huo huo UNITA ikaanza kupata makombora ya kutungulia ndege. Vita vya Angola havikuisha mpaka mwaka 2002, na watu mamia ya maelfu walipoteza maisha.

Clark mwenyewe hakukata tamaa. Kwa miaka mingi aliendelea kuwakutanisha wabunge wa Marekani na wapinzani wa ubaguzi wa rangi. Mwezi Oktoba 1986 Seneti hiyo hiyo ilipiga kura 78 kwa 21 kuipuuza turufu ya Reagan na kuiwekea Afrika Kusini vikwazo. Alifariki mwezi Septemba 2023 akiwa na umri wa miaka 95, na huku kwetu ni wachache waliolitaja jina lake.

Tunajifunza nini? Kwanza, heshima ya taifa haiwezi kuwekwa rehani kwa wema wa seneta mmoja. Rafiki wa kweli yuko chini ya wapiga kura wake, na ndivyo inavyostahili kuwa. Ulinzi wa Afrika ni umoja wake, ule uliokosekana Addis Ababa mwaka 1976.

Pili, tusiwacheke Waamerika kwa habari ya fedha katika uchaguzi kana kwamba sisi tumetakata. Mahakama Kuu yetu ilibidi ibatilishe takrima mwaka 2006, na Bunge likatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi mwaka 2010. Sheria hizo hazikutungwa kwa ajili ya Iowa. Mwanachama anayepokea bahasha ya mgombea katika kura za maoni za Chama hajui bahasha hiyo ilijazwa na nani, wala ni mkono gani utakuja kuidai.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wananchi hawana budi kuelezwa. Wakati wa vita vya Msumbiji, vijiji vya kusini mwa nchi hii vilishambuliwa na Wareno kwa sababu tuliwapokea wapigania uhuru. Wananchi wa Mtwara na Ruvuma hawakuuliza kwa nini tunawabeba watu wa nchi nyingine. Walikuwa wameelezwa mikutanoni, redioni na katika madarasa ya jioni, na waliomweleza mwananchi walikuwa hasa walimu na watumishi wa umma. Kazi hiyo bado ni yetu. Kila mkataba tunaotia sahihi, kila askari wetu anayekwenda kulinda amani nchi ya jirani, ni jambo ambalo mama wa kijijini anastahili kulielewa kabla mtu mwingine hajamletea kejeli au bahasha.