Hadithi Zetu Zisingoje Mgeni

Wageni wengi huenda Mkunazini kulitazama kanisa la Anglikana, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Aliyelijenga, Askofu Edward Steere, alituachia kazi nyingine iliyo kubwa zaidi: sarufi ya Kiswahili, na hadithi za wenyeji wa Unguja alizozichapisha mwaka 1870. Kazi hiyo ilichangia Kiunguja kuteuliwa, mwaka 1928, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Haki yake tumpe, ingawa dini zetu ni mbali mbali.

Lakini kalamu ilikuwa yake. Hadithi zilikuwa za wazee wetu. Kila mzee azikwaye leo huzikwa na hazina yake. Hivyo Serikali, kwa njia ya masheha na skuli, haina budi kuwatuma vijana wakaziandike hadithi zilizosalia. Si vema tumngoje mgeni wa pili.